Goti Langu Liliponywa Bila Idhini Yangu

Dedan Ngatia,
Dereva Mstaafu wa Lori la Maziwa,
Mukurweini.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Sayansi, Hali ya Hewa na Vyakula vya Asili,
Mukurweini.

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Gicheru,

KUH: KUPONYWA KWA GOTI LANGU LA KUSHOTO

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi pia ni mzima wa afya, na hilo ndilo lalamiko langu.

Nakuandikia kwa heshima, kwa sababu ulimfundisha mwanangu Mwai hesabu na akazijua, na kwa sababu naamini tamasha lile mlilifanya kwa nia njema. Watu wengi walifaidika. Watoto walionyeshwa wingu likitengenezwa ndani ya chupa. Kina mama walijifunza kupanda mtama mahali ambapo mahindi yamekuwa yakikauka. Lakini kati ya hao wote waliofaidika yuko mtu mmoja aliyeumia, au tuseme aliyeacha kuumia, naye ni mimi.

Kwa wanakamati wanaotoka mbali na hawanijui, nijieleze kidogo. Niliendesha lori la maziwa katika milima hii tangu nikiwa kijana hadi nywele zikaniisha. Barabara zetu mnazijua. Ukitoka bondeni unapanda, ukimaliza kupanda unashuka, na kila kona yuko mama amesimama na mtungi wake wa maziwa akingoja usimame. Mguu wangu wa kushoto ulikanyaga klachi kutwa nzima. Nilipostaafu nilitoka na vitu viwili, saa ya ukutani na goti bovu. Saa ilisimama mwaka huo huo. Goti likaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa mvua. Siku moja kabla ya mvua, goti lilianza kuuma upande wa ndani. Yakiwa ni manyunyu tu, liliwasha. Ikiwa ni mvua kubwa, lilivimba. Ikiwa ni mvua ya mawe, sikuweza kuvaa suruali bila kusaidiwa na mke wangu Murugi. Habari zikaenea. Mama aliyetaka kuanika maharagwe alipitia kwangu kwanza. Fundi aliyetaka kumwaga zege alipitia kwangu. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo langoni wakapaza sauti kuniita babu, "Guka, goti inasemaje leo?" Nikiwaambia wavae makoti, walivaa makoti.

Kwa huduma hiyo niliheshimiwa. Kwenye sherehe niliwekewa kiti chenye mto. Kanisani, wengine walipopiga magoti mimi nilikaa, na mchungaji mwenyewe alisema Mungu anaelewa. Nyumbani sikukata napia ya ng'ombe wala sikupanda kilimani kuchuma kahawa. Murugi alifanya hayo, kwa hiari yake, kwa sababu goti linalotumiwa na kijiji kizima halifai kuchoshwa na ng'ombe wa mtu mmoja.

Sasa niyaweke malalamiko yangu kwa nambari, kama ulivyowafundisha watoto wetu kufanya.

1. Mlinisifu na kunimaliza siku ile ile.

Ulikuja nyumbani kwangu, wewe na yule binti wa hali ya hewa kutoka Nkubu, Karambu, mkaniomba niwe sehemu ya maonyesho. Mlisema mnataka maarifa ya wazee yakae pamoja na mashine. Nilikubali. Nilinyoa ndevu. Siku ya tamasha mliniketisha uwanjani kando ya mlingoti wa chuma wenye vikombe vinavyozunguka kwa upepo, na juu ya kichwa changu mkatundika kitambaa chenye jina langu. Karambu akaja na kipaza sauti akaniinamia kwa adabu. "Guka," akasema, "goti linasema nini kuhusu kesho?"

Nilinyoosha mguu polepole. Nikasema, "Kesho, baada ya chakula cha mchana."

Karambu akaangalia kompyuta yake, akacheka. "Hata mashine inasema hivyo hivyo," akasema, na watu wakapiga makofi mpaka fahali wa maonyesho akashtuka.

Ndugu Mwenyekiti, sikuwa nimepigiwa makofi tangu siku niliyofaulu mtihani wa leseni. Ningekuwa na busara ningerudi nyumbani papo hapo. Lakini makofi yanaleta njaa, na hema la vyakula lilikuwa jirani kabisa na hema la hali ya hewa. Ni nani aliyepanga mahema hivyo? Nauliza kwa upole.

Katika hema hilo alikuwamo Bi. Mukami, mtaalamu wa lishe, mwanamke mwenye koti jeupe na macho makali. Alinitazama nikichechemea kuelekea kwake. Hakutazama uso. Alitazama tumbo, akatazama goti, akarudi kwenye tumbo. "Mzee," akasema, "hii goti inabeba watu wawili."

Nilimweleza kwamba ni goti la kazi. Akauliza nakula nini. Nilimjibu kwa ukweli kwamba nakula kama mtu yeyote anayejiheshimu: chipsi za pale stendi, nyama ya kukaanga, mchuzi unaoelea mafuta, na soda ya kuteremshia. Aligeuka akamwita mke wangu, aliyekuwa akinifuata nyuma.

2. Mlimpa Murugi mamlaka ambayo hakuwa nayo.

Bi. Mukami alimpa Murugi mchoro wa sahani. Nusu ya sahani hiyo ni majani. Robo ni njahi, zile kunde zetu nyeusi, au maharagwe. Robo iliyobaki ni nduma (magimbi), kiazi kitamu au ugali wa mtama, na nyama imechorwa pembeni, ndogo kama kifungo cha shati. Murugi aliubandika mchoro huo ukutani jikoni mahali palipokuwa na kalenda ya kanisa, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hatujui tarehe.

Asubuhi nilipewa nduma na uji wa wimbi uliochacha. Mchana njahi. Jioni mchicha wetu wa terere, au thabai, yale majani ambayo ukiyachuma yanakuuma mkono kama nyuki. Nilipouliza nyama iko wapi, Murugi alisema, "Nyama ni ya Jumapili. Leo ni Jumanne." Nilimkumbusha kwamba kalenda ameitoa. "Mimi najua ni Jumanne," akasema, akaniongezea terere.

Nilijaribu kujitetea. Nilikwenda stendi peke yangu, nikaingia katika kibanda ambamo nimekula chipsi tangu kilipojengwa. Mwenye kibanda alinikaribisha vizuri, akanipangusia meza, kisha akaniwekea kiazi kitamu cha kuchemsha. "Mama Mwai alipita hapa," akasema, bila kunitazama machoni. Kiazi chenyewe alikuwa ameachiwa na Murugi, kimefungwa kwenye karatasi.

Haki itendeke, njahi ya Murugi ni tamu. Sijawahi kusema si tamu. Nasema tu kwamba mtu anayebadilishiwa chakula huulizwa. Suruali zikaanza kunivuka. Nilipokuwa nikikaa, mikono ilitafuta tumbo ili itulie juu yake, na haikulipata.

3. Mlisababisha ukame wa uongo.

Mvua za vuli zilipokaribia, goti lilinyamaza. Halikuuma, halikuwasha, halikuvimba. Nililikanda kwa kidole ili kuliamsha. Kimya. Sasa mtu mwenye akili timamu, ambaye goti lake halijawahi kumdanganya, angefikiri nini? Nilifikiri ni ukame.

Nililichukua jambo hilo kwa uzito. Jumapili, baada ya matangazo, niliomba nafasi nikasimama mbele ya washirika nikawaambia kwamba vuli haitakuja. Nilisema kwa huzuni, na mama mmoja alilia. Watu wakaacha mbegu za maharagwe ndani ya mifuko. Mchungaji akaitisha maombi ya mvua siku ya Jumatano, na siku hiyo hiyo ya Jumatano, kabla ya wimbo wa mwisho, ikanyesha.

Watu walishangilia. Waliponigeukia niliwaambia wasidanganyike, kwamba hiyo ilikuwa mvua ya maombi, si ya msimu, na goti langu halihesabu mvua ya maombi. Walikubali. Ndugu Mwenyekiti, waliniamini kiasi hicho. Uone jinsi mlivyoharibu kitu kizima.

4. Mliharibu ruracio ya binti ya jirani yangu.

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Jirani yangu ni Kinuthia. Shamba lake na langu yanagawanywa na ua wa miti tu, na tumeishi hivyo tangu tulipokuwa vijana bila watoto. Binti yake Wendy alichumbiwa na kijana wa Meru, na ruracio, siku ya wakwe kuja kuleta mahari, ikapangwa Jumamosi. Wiki hiyo Kinuthia alikuja kwangu jioni, kama alivyozoea, akakaa kwenye kile kiti chake karibu na mlango. Alikuwa ameshika simu. Tangu tamasha, simu za wakulima zimekuwa zikiletewa ujumbe wa hali ya hewa kutoka kwa Karambu.

"Baba Mwai," akasema, "hii simu inasema ati Jumamosi kutanyesha sana. Nikodishe hema ama niache? Goti inasemaje?"

"Goti imenyamaza kabisa," nikamwambia.

"Na simu?"

"Simu haina mfupa."

Kinuthia alifikiri kidogo, akaitia simu mfukoni. "Ni kweli," akasema. Hakukodisha hema. Aliweka viti chini ya migomba, mahali pazuri, penye kivuli, kwa sababu hofu yake sasa ilikuwa jua.

Wageni walifika na magari yao, wakateremka ule mteremko wa udongo mwekundu hadi uani. Aliyewaongoza ni Mzee Kathurima, baba ya kijana, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na kofia. Kina mama wao walikuwa wameimba langoni mpaka wakafunguliwa. Watu wakakaa. Msemaji wa wageni akasimama akaanza kueleza kwamba walikuwa wakipita njia wakaona ua zuri katika boma hili. Ua lilikuwa halijatajwa jina bado, tone la kwanza likamwangukia kwenye paji la uso.

Sitaeleza mvua ile. Wewe mwenyewe ulikuwa mjini na uliiona. Nitasema tu kwamba sufuria za pilau zilijaa zikawa supu, kwamba mama mkwe mmoja alijifunika kwa jani la mgomba, na kwamba gari la Mzee Kathurima, likiwa halina mtu ndani, lilianza kuteleza taratibu kuelekea kwenye zizi la ng'ombe.

Mtu akapiga kelele. Wanaume wakakimbia. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba bega langu lilikuwa limeegemea gari hilo, matope yakiwa yamenifika shingoni, na tulikuwa tumelizuia hatua chache kabla ya zizi. Upande wa pili alikuwa Kinuthia, mvua ikimtiririka puani. Alinitazama. Akatazama juu, pale migombani nilipokuwa nimekaa, kwenye kiti changu chenye mto na fimbo yangu ya kutembelea iliyobaki imelala kando yake. Akanitazama tena.

"Baba Mwai," akasema, "wewe umekimbia?"

Nilitazama mguu wangu. Ulikuwa umesimama vizuri tu.

"Kwani goti ilipona lini?"

Hivyo, Ndugu Mwenyekiti, ndivyo nilivyopata habari za kupona kwangu: ndani ya matope, kutoka kwa jirani yangu, mbele ya wakwe zake. Hata wewe, ungekuwa na mgonjwa, ungempa habari hizo ameketi.

Wageni waliingizwa jikoni kwa Kinuthia, wote kwa pamoja, wa Meru na wetu, wakakaa wamebanana kuzunguka moto. Nasikia Mzee Kathurima alivaa koti la Kinuthia la kukamulia ng'ombe akamenya nduma pamoja na kina mama. Nasikia mazungumzo ya mahari yalikwisha upesi bila mtu kukunja uso, kwa sababu moshi ulikuwa mwingi na kila mtu alitaka kukubali atoke nje. Nasikia Wendy alicheka mpaka akashikiliwa. Hayo yote nayasikia tu. Mimi nilikuwa zizini na vijana wa bodaboda, maana hakuna aliyeniita ndani.

5. Sasa niko na afya na sina kazi.

Habari za mbio zangu zilifika kanisani kabla yangu. Jumapili iliyofuata mchungaji alisema, "Tupige magoti," kisha akanitazama na kungoja. Nilipiga. Baada ya ibada nikaandikishwa katika kwaya ya wazee, ambayo huimba ikicheza, na nimewekwa mstari wa mbele kwa sababu, wanasema, napiga hatua kama kijana.

Nyumbani, Murugi alinikabidhi panga na kunionyesha napia. Alisema, "Ng'ombe wanakusalimu." Nimekata napia, nimechuma kahawa, nimebeba ndizi kutoka bondeni. Jioni najinyoosha kitandani nikitafuta mahali panapouma ili niwe na la kusema asubuhi, na sipati.

Vijana wa bodaboda hawapunguzi mwendo tena langoni.

Na Kinuthia haji. Kiti chake kiko pale pale karibu na mlango. Zamani alikuja hata wakati wa kiangazi, wakati ambapo hakuna mtu asiyejua kwamba hakutanyesha. Aliuliza goti linasemaje, nikamwambia halisemi kitu, akasema "Haya," na tukakaa. Siku hizi akienda dukani anapita njia ya chini, ile ya mtoni, ambayo ni ndefu na ina utelezi. Nimemwona kutoka juu akiteleza. Sikumwita, kwa sababu sikujua ningesema nini baada ya kumwita.

6. Fidia mliyoniletea.

Karambu alisikia yaliyotokea akaja kunipa pole. Ni binti mwenye malezi mazuri. Aliniletea asali kutoka kwao. Akaniambia kwamba kamati imeniteua kuwa msomaji wa kipimamvua, na pale pale akasimika uani kwangu chombo kama chupa kubwa iliyo wazi juu, yenye mistari pembeni. Kila asubuhi natakiwa kuinama, kusoma maji yamefika wapi, na kumtumia nambari kwa simu. "Kazi hii inahitaji mtu mwenye magoti mazuri, Guka," akasema, na niliona anasema kwa wema kabisa.

Naisoma. Sitaki ionekane kwamba nimeitupa kazi ya serikali. Watu wakipita huuliza, "Jana ilinyesha kiasi gani?" nami nawajibu. Lakini uelewe hali yangu. Zamani waliniuliza habari za kesho. Sasa wananiuliza habari za jana, na habari za jana kila mtu anazo, zimemlowesha.

Kwa hayo yote, naleta maombi yafuatayo:

(a) Kamati inirudishie maumivu yangu. Siombi yote. Naomba ya kadiri, upande wa ndani wa goti, yatakayotosha kunipa taarifa ya siku moja kabla. Ya mvua ya mawe mnaweza kubaki nayo. Ikiwa kitaalamu haiwezekani, basi Bi. Mukami aandike, kwa mkono wake na kugonga muhuri, kwamba nipewe chipsi kila Ijumaa mpaka hali itakaporejea.

(b) Kamati imwandikie Kinuthia barua ieleze kwamba siku ile sikumdanganya. Goti lilinyamaza kweli. Aliyesema uongo ni afya, si mimi. Barua hiyo nawaomba muipeleke wenyewe, na mumwambie asipite njia ya mtoni mvua ikiwa imenyesha.

(c) Mwakani, hema la hali ya hewa na hema la vyakula yatenganishwe. Moja likiwa hapa Mukurweini, lingine lipelekwe mbali, Wamagana, ili mzee akimaliza kupigiwa makofi awe amechoka sana kufuata chakula. Tena, kabla ya mtu yeyote kuponywa, majirani zake waulizwe kwanza ugonjwa wake unawafaa vipi. Kuna mama hapa kwetu ambaye kikohozi chake ndicho kinachotuamsha sote alfajiri kwenda kukamua. Nimemwonya asikanyage tamasha lenu.

Nangoja majibu yenu nikiwa na subira, na nikiwa nimesimama, kwa kuwa sasa naweza.

Nisalimie walimu wote wa shule iliyowapa uwanja, na kina mama waliopika. Msalimie Bi. Mukami pia, sina chuki naye. Msalimie mwenye yule fahali. Wazazi wa Karambu huko Nkubu waambie wamelea vizuri, na kwamba asali yao imekwisha.

Wako katika maendeleo ya eneo letu,

Dedan Ngatia

N.B. Barua hii haikutumwa siku niliyoiandika. Ilikaa mezani, kwa sababu asubuhi yake Murugi aliniambia twende Kangari kwa dada yake Watiri. Dada huyo anaishi chini kabisa ya mashamba ya majani chai, mahali ambapo gari halifiki. Unaachwa barabarani na kushuka kwa miguu. Tangu nistaafu, Murugi amekuwa akienda peke yake. Nilikuwa nikimsindikiza mpaka langoni na kumwambia kama avae koti.

Tulishuka ile njia. Nilitangulia, na mahali penye utelezi nikampa mkono. Alinionyesha jiwe ambalo hukaa akichoka, na mti ambao aliwahi kujikinga chini yake. Sikujua kwamba ana jiwe huko. Watiri alituona akiwa mlangoni akaweka mkono mdomoni, kisha akamwita kila jirani aje anione. Alituchinjia kuku, na Murugi hakusema neno juu ya sahani.

Tulipokuwa tukipanda kurudi, mvua ikatukuta katikati ya majani chai. Hatukuwa na koti wala mwavuli. Tulikimbia, Ndugu Mwenyekiti, sote wawili, mpaka kwenye banda la kununulia majani, na pale tulisimama maji yakitutoka kwenye nguo. Murugi alinitazama. "Baba Mwai," akasema, "kumbe hukujua kutanyesha?" Nikasema sikujua. Alicheka mpaka akaishika nguzo ya banda. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mwai akiwa mtoto mchanga, na nilitamani mvua isikatike haraka.

Tulifika nyumbani jioni tukiwa bado tumelowa. Kinuthia alikuwa langoni kwake. Ningependa kusema nilimsalimu kwanza, lakini ni yeye aliyesema.

"Mmetoka wapi mkiwa hivyo?"

"Kangari."

"Na hamkujua kutanyesha?"

"Hatukujua," nikasema. "Hakuna mtu alituambia."

Alinitazama kutoka viatu hadi kichwa, matope, shati, kila kitu. Alijaribu kukaza uso akashindwa. Alicheka akiwa amelishika lango, mke wake akatoka kuona kuna nini, naye akacheka. Kisha akafungua lango akasema tuingie, chai iko motoni, na koti lile la kukamulia ni letu zamu hii. Tulikaa huko mpaka mvua ilipoanza tena, na hakuna aliyeuliza goti linasemaje.

Kwa hiyo ombi (b) limeshughulikiwa. Ombi (c) si la lazima. Ombi (a) nalifuta kabisa, na nakusihi asitokee mwanakamati yeyote mwenye huruma akajaribu kulitimiza. Goti liacheni lilivyo.

Murugi anasema basi nisiitume barua. Naituma, kwa sababu nimeiandika kwa mwandiko mzuri.